Maswali ya Wasomaji: Mnunuzi Asikuchagulie Miti ya Kukata

Safari hii barua karibu zote zinahusu mashamba ya miti, nadhani ni kwa sababu huku Nyanda za Juu Kusini ile miti iliyopandwa kwa fujo miaka kumi na kitu iliyopita sasa imefikia ule umri wa mwenye shamba kuanza kukuna kichwa. Nimechagua zile ambazo jibu lake litawafaa wengi. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana hilo jambo linaumiza watu kila siku.

Kamwene mtaalam. Nina shamba la mipaini ekari 4 huku Mufindi, nilipanda nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5 na sasa ina miaka tisa. Kaja mnunuzi anataka aingie achague ile minene tu alafu myembamba aniachie iendelee kukua, anasema hiyo ndo kupunguzia kwenyewe. Baba yangu yeye hataki kabisa mti uguswe, anasema kila mti ni hela tusubiri uive. Mimi nina ada ya watoto na hela ya mnunuzi naiona kabisa hii hapa. Nimsikilize nani?
*Msomaji, Mufindi*

Kamwene sana ndugu yangu. Usimsikilize mnunuzi, na mzee nae mpe heshima zake zote lakini ukae nae chini umuelezee, maana anachokiogopa kina msingi ila suluhisho lake litawakosesha hela wote wawili.

Tuanze na mnunuzi. Mipaini yako yote uliipanda msimu mmoja, sindio? Bas ile myembamba sio kwamba bado midogo inasubiri zamu yake, ina umri uleule wa minene. Ni miti iliyoshindwa, imezidiwa mwanga na maji na wenzake, taji lake, yani matawi na majani ya juu, limebaki kishungi kidogo tu na mingine tangu mche ilikua dhaifu. Ukitoa minene ukaacha hiyo, umetoa washindi shambani ukabaki na walioshindwa, na utakaa nao miaka mingine kumi unapalilia, unalinda moto, alafu siku ya kuuza unapata mirunda, yani miti myembamba ya kujengea. Mnunuzi hajakosea kwa upande wake, yeye anatafuta mbao za leo. Ila hiyo sio kupunguzia hata kidogo, kupunguzia ni kutoa mibaya ili mizuri inenepe. Ni kinyume kabisa!

Sasa hoja ya mzee kwamba kila mti ni hela. Ukipanda 2.5 kwa 2.5 ekari moja inaingia miti kama 640. Mwanzoni ni sawa, miti inanyooka na magugu yanafunikwa mapema, lakini kufikia miaka saba nane matawi yameshagusana, chini giza, matawi ya chini yote yamekauka na kuanzia hapo kila mti unanyang'anyana na jirani yake. Ni kama mahindi tu, ukiacha mimea minne kwenye shimo moja hupati magunia mara nne, unapata mabua. Kitu kinachowadanganya wengi ni urefu, maana mipaini iliyobanana inarefuka vizuri tu, mtu anapita barabarani anaona shamba linapendeza kwelikweli. Msongamano hauzuii sana mti kurefuka, unachozuia ni unene, na mbao inatoka kwenye unene.

Chukua rula tufanye hesabu ambayo fundi wa dingdong, ile mashine ndogo ya kupasulia mbao, anaijua kwa macho. Ubao wa 2x6 (inchi 2 kwa 6) ukiupima kona kwa kona ni kama sentimita 16. Maana yake gogo ambalo ncha yake nyembamba haifiki sentimita 16 haliwezi kutoa hata 2x6 moja, litatoa 2x4. Ukitaka 1x10 ncha nyembamba lazima ifike kama sentimita 26. Na ujazo wa gogo unaenda kwa mraba wa unene, kwaiyo gogo la sentimita 30 lina mbao mara nne ya gogo la sentimita 15 lenye urefu uleule, sio mara mbili. Kwaiyo mzee anaposema 640 ni nyingi kuliko 300 yupo sahihi kwenye kuhesabu vichwa, kwenye kuhesabu mbao sio hivyo.

Ratiba inayozoeleka kwa mipaini ya mbao iliyopandwa mita 3 kwa 3, yani kama miti 450 kwa ekari, ni kupunguzia mara ya kwanza ikiwa na miaka kumi hivi ubaki na kama 260, alafu mara ya pili kwenye miaka kumi na tano ubaki na kama 160 ambayo ndo unaisubiri mpaka kuvuna. Wewe umebana zaidi ya hapo kwaiyo umeshachelewa kidogo, na hapa naomba uwe makini sana: usishuke kutoka 640 mpaka 260 kwa mkupuo mmoja. Miti iliyokulia kwenye kubanana ni mirefu na myembamba, inasimama kwa kuegemeana, ukiifungulia ghafla upepo unailaza. Pima michache, chukua urefu ugawe kwa unene wa usawa wa kifua (mita 1.3 kutoka chini) vyote vikiwa kwenye sentimita. Mti wa mita 15 wenye unene wa sentimita 14 unapata 107, na ukipita 100 ujue huo mti hauna mguu wa kusimama peke yake. Kwaiyo toa theluthi moja sasa hivi, subiri miaka miwili mitatu iliyobaki ijaze taji na ikaze mizizi, ndo utoe tena.

Kabla ya kukata hesabu kwanza, tena usihesabu kwa kukumbuka miche uliyonunua maana mingine ilikufa. Chukua kamba ya mita 11.28, mtu mmoja ashike mwisho mmoja katikati, mwingine azunguke nayo ikiwa imenyooka, miti yote iliyo ndani ya duara hesabu, zidisha kwa kumi, hapo umepata idadi ya ekari moja kwa karibu sana. Fanya sehemu tano sita tofauti, bondeni, mlimani, na katikati ya shamba, sio pale penye njia tu. Ukikuta 58 kwenye duara, ekari ina kama 580, kwaiyo unatoa kama 19 ndani ya kila duara la namna hiyo.

Kuchagua ni kazi yako mwenye shamba, usimwachie kibarua wala mwenye chensoo (msumeno wa mashine), huyo analipwa kwa idadi ya miti kwaiyo atakata ile iliyo rahisi kuangusha. Beba kopo la rangi na brashi, pita mstari kwa mstari, kwenye kila miti mitatu iliyo jirani simama, angalia juu kwanza alafu ushuke chini. Cha kwanza kuondoka ni mgonjwa na uliovunjika ncha. Kinachofuata ni pacha, ule uliogawanyika shina mbili, hata kama ni mnene kiasi gani, maana pale pacha inapoungana ndipo unapopasukia na ubao wake hauuziki. Alafu uliopinda, alafu uliodumaa chini ya wenzake. Kuna na ule jitu, mnene kuliko wote ila una matawi manene kama mkono mpaka chini, huo watu wanauonea huruma sana kumbe ndo unaowanyima wenzake na mbao yake mafundo matupu, nao toa. Ukishapaka rangi rudi nyuma ulitazame eneo kabla chensoo haijaingia, kama umetengeneza uwazi mkubwa sehemu moja futa rangi kwenye miwili mitatu. Wakati wa kukata waambie waangushe kwenye nafasi, wasikwaruze gome la ile inayobaki, jeraha la gome ni mlango wa ukungu kuingia. Kisiki kiwe kifupi, msindano (ndo huohuo mpaini) hauchipui kwaiyo hautakusumbua.

Miti inayotoka huwezi kuuza kama mbao zote lakini sio takataka: mirunda, miti ya kuezekea, kuni, na pale Mafinga viwanda vya vinia (zile karatasi nyembamba za mbao) siku hizi vinachukua magogo membamba ambayo zamani hakuna aliyeyatazama, ulizia vipimo vyao kabla ya kukata ili ukate urefu wanaoutaka. Kama hela yake itaishia kulipa vibarua na gari, bado fanya, faida yako ipo kwenye iliyosimama. Na usisahau kupita kwa afisa misitu wa wilaya upate vibali vya kuvuna na kusafirisha, gari likikamatwa na mzigo usio na hati hasara yake inazidi mzigo wenyewe.

Kuhusu ada, hili nakwambia kutoka moyoni. Kama imebana kweli na hamna namna nyingine, bora uuze ekari moja yote ukate ipandwe upya, ekari tatu zibaki salama na mizuri yake, kuliko kumruhusu mtu apite kwenye ekari zote nne akutolee minene. Ekari moja ukiiuza unajua umeuza nini. Ukichaguliwa minene umeharibu zote nne na hutaona mpaka siku ya kuvuna.

Habari za kazi. Sisi Kilolo tunapogolea kwa panga na tunapandisha mpaka juu kabisa tunaacha kishungi, wanasema ndo mti unarefuka haraka. Ni kweli?
*Mama mkulima, Kilolo*

Habari nzuri mama yangu, pole na kazi. Sio kweli, tena hapo mnaunyima mti chakula. Majani ndo jiko la mti, ukiacha kishungi tu unasimama mwaka mzima haunenepi. Pogolea isizidi nusu ya urefu wa mti, kama una mita 4 unaishia mita 2. Anza mapema ukiwa na miaka mitatu minne wakati tawi bado jembamba, endelea awamu kwa awamu kadri mti unavyokua mpaka ufikishe kama mita 5 au 6, hapo umepata gogo la chini lililo safi ambalo ndo lenye hela.

Msindano huu wetu wa patula unajulikana kwa kung'ang'ania matawi yaliyokufa, hayadondoki yenyewe kama miti mingine. Mti unaendelea kunenepa unalimeza lile tawi kavu, na siku ukipasua ubao unakuta fundo jeusi limezungukwa na duara, ukigonga kwa kidole linatoka linaacha tundu. Ndo maana wanunuzi wakija wanageuza ubao huku na huku wanakata bei.

Panga weka pembeni mama. Panga linachana gome, na likikosa linakata shina lenyewe. Tafuta msumeno wa kupogolea, ule wa kujipinda, kata karibu na shina lakini usiingie kwenye kile kinyama kilichovimba pale tawi linapoanzia, hicho ndo kinachofunga kidonda. Na usipoteze nguvu kupogolea mti ambao unajua utautoa wakati wa kupunguzia, pogolea ile ya kubaki.

Tulipunguzia shamba letu Makete mwezi wa sita, mwezi wa kumi moto ukatoka kwa jirani aliyekua anasafisha shamba ukaunguza upande mzima. Watu wanasema bora tusingepunguzia, ni yale matawi ndo yameleta moto. Naomba ukweli.
*Kijana wa Makete*

Pole sana mdogo wangu, hasara ya moto haina mfano maana ni miaka inaungua.

Ukweli una pande mbili na zote nakupa. Ni kweli matawi na vilele ukiviacha vimetapakaa vikakauka kiangazi kile, umeweka kuni chini ya miti yako, na patula ina gome jembamba haivumilii moto kama misindano mingine. Lakini shamba lisilopunguziwa wala kupogolewa nalo ni hatari kwa njia nyingine, kule moto wa chini unapata matawi makavu kuanzia ardhini unapanda nayo kama ngazi mpaka kwenye taji, na ukishafika juu hamna mtu wa kuuzima, sio nyie wala gari la zimamoto. Moto unaotembea chini kwenye shamba lililopogolewa, watu kumi na matawi mabichi mnaweza kuupiga ukazimika.

Kwaiyo tatizo sio kupunguzia, ni kilichofuata baada ya hapo. Matawi katakata yalale chini kabisa yaguse udongo ili yaoze haraka. Yale yaliyo mpakani, kama mita kumi kuingia ndani, toa yote, gawia watu kuni, hamna atakayekataa. Usiyarundike kwenye shina la mti unaobaki, hii nimeona sana na inauma, mtu kapunguzia vizuri alafu kila mti mzuri kauwekea kitanda cha matawi makavu. Barabara za moto zisafishwe kabla majani hayajakauka, yani kwenye mwezi wa tano wa sita huko mvua zikiisha, sio mwezi wa tisa wakati jirani ameshashika kiberiti. Na huyo jirani, hilo sio la mtu mmoja, kaeni kama kijiji muwekeane utaratibu, anayechoma shamba atoe taarifa, achome jioni upepo ukitulia, na wenye miti wapeleke watu. Serikali ya kijiji ina uwezo wa kutunga sheria ndogo na faini juu ya hilo, itumieni.

Sisi tuko Rungwe, kijiji chetu kinapakana na msitu wa asili mlimani ambako ndiko maji yetu yanatoka. Vijana wamesikia kwamba msitu ukipunguzwa unakua na afya, wanataka waombe kukata miti mizee ili midogo ipate nafasi. Wazee tunasita. Unasemaje?
*Mzee wa kamati ya maji*

Shikamoo mzee wangu. Endeleeni kusita, na vijana muwaeleze bila kuwagombeza maana walichosikia ni kweli ila kinahusu kitu kingine.

Kupunguzia ni dawa ya shamba, miti ya aina moja na umri mmoja uliyoipanda kwa mistari ili uvune. Msitu wa asili wa mlimani una miti ya kila umri na kila aina, mti mzee ukianguka wenyewe ile midogo iliyokua inasubiri chini inaruka kupanda, hiyo kazi msitu unaifanya wenyewe. Mkitoa mizee mnatoa miti ya mbegu, mnatoa mashina yenye mashimo wanamolala ndege na wanyama, na mnaruhusu jua lipige chini magugu na mitambazi vijae kabla mche haujapata nafasi. Na huko mlimani kwenu anaishi kipunji, yule kima ambaye wanasayansi walimgundua hapo mlima Rungwe mwaka 2003 na kumtangaza duniani 2005, hapatikani nchi nyingine yoyote zaidi ya Tanzania, yupo huko kwenu na upande wa Udzungwa tu. Maisha yake mengi yako juu ya miti, anahama kwa kuruka taji hadi taji, mkikata uwazi mnamkatia njia.

Alafu kuna maji. Mvua ya huko mnajua inavyonyesha, yale matawi ya juu na ile takataka ya majani chini ndo inayoipokea taratibu ikazama, ukiondoa kifuniko maji yanashuka na udongo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Na msitu ukiwa ni hifadhi kukata bila kibali ni kosa, hata kama nia ni nzuri.

Nguvu za vijana zipo zinahitajika, zipelekeni mahali pengine mzee. Kama kuna milingoti (mikaratusi) imepandwa karibu na chemchemi, hiyo ndo ya kutolewa, inakunywa maji mengi, itolewe kidogo kidogo na pahala pake pawekwe miti ya asili ya bondeni ambayo nyie wazee mnaijua kwa majina kuliko mimi. Kuna kusafisha mpaka wa msitu usiingiwe na moto, kuna doria. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kushiriki kusimamia msitu, ongeeni na afisa misitu wa wilaya mjue msitu wenu uko kundi gani.

Misaipresi yangu ya uzio hapa Mbeya inakauka kuanzia ndani kwenda nje, nikiipunguzia itapona?
*Msomaji, Mbeya mjini*

Chunguza matawi ya ndani ukiona vijidudu vya kahawia vimejipanga na kitu kinanata chini yake, huyo ni chawa wa saipresi. Alionekana Malawi mwaka 1986 akasambaa Afrika Mashariki yote na kuua misaipresi mingi sana. Kupunguza matawi kunasaidia hewa lakini hakumuui. Iliyokauka zaidi ya nusu itoe, na ukipanda upya usiweke saipresi tupu mstari mzima, changanya.

Nimevuna milingoti Ifunda, visiki vimechipua kama kichaka, kila kisiki machipukizi kumi na zaidi. Niache yote nipate mingi au ning'oe visiki nipande upya?
*Msomaji, Iringa*

Usifanye lolote kati ya hayo. Mlingoti tofauti na msindano unachipua, na mizizi ya zamani tayari ipo chini kwaiyo machipukizi yanakua mbio kuliko mche mpya. Subiri yafike kama mita moja na nusu mpaka mbili, hapo yenye nguvu yanajionyesha yenyewe. Acha mawili au matatu kwa kila kisiki, yaliyonyooka na yaliyoota chini karibu na udongo, yale ya juu kabisa kwenye ukingo wa kisiki yanabanduka kwa upepo. Yaliyobaki kata. Baada ya mwaka hivi rudi tena, kama unataka nguzo acha moja tu, kama unataka kuni au mirunda mawili yanatosha. Pale ambapo kisiki kimekufa panda mche mapema msimu huohuo wa mvua, ukichelewa machipukizi ya pembeni yatauziba. Na kama hayo machipukizi yataliwa na ng'ombe wa jirani kabla hujachagua basi hesabu yote imeharibika, kwaiyo ongea nae kwanza.